Chupa ya Karafuu

Mjane hakupiga hodi. Aliingia kwa wifi yake, fundi cherehani, na chupa ya kupulizia mkononi. Nyuma yake alikuja mkamwana, amembeba mtoto anayelia kwa kwikwi, miguu imemwiva na kuvimba kuanzia magotini.

Tangu asubuhi mkamwana alikuwa na neno moja tu: "Ni dawa yako, mama. Mwanangu simwachi tena kwako." Neno hilo lilimkaa mjane kooni kama mwiba. Dawa ile ya mbu aliichemsha mwenyewe kila wiki: maji, karafuu za kujaa kiganja, ikipoa siki kidogo. Ilikuwa ya mapazia na pindo za nguo. Ngozini, kamwe! Lakini juzi wifi aliiazima chupa, na jana aliirudisha imejaa kuliko ilivyoondoka. Mjane, mwenye jicho la kuona kila kitu, hilo likampita.

"Wifi, umetia nini humu?"

"Nami sijambo," fundi alijibu, mguu ungali kwenye pedali. "Nitie nini mimi?"

"Nusa."

"Nina mafua."

Mkamwana akanusa yeye, akakunja uso. "Mafuta ya taa!"

"Tone tu! Maji yenu yale mbu walikuwa wanaogea. Dawa isiyowasha si dawa. Hata marehemu kaka yangu alikuwa anasema."

"Usimtoe marehemu kaburini aje kukutetea." Mjane alimwomba Mungu amfunge ulimi. Haukufungika. "Na jana ulipoileta, nikakuachia mtoto nikiwa jikoni, miguuni mwake alipulizia nani? Jini?"

Fundi akautoa mguu kwenye pedali.

"Nyoosha mkono," mjane akasema, akimwelekezea chupa.

"Wa nini?"

"Si tone tu? Nyoosha!"

Fundi akauficha mkono chini ya kitambaa, upesi, kama aliyeguswa na kaa la moto. Mkamwana akauona ulivyokimbia.

Akamgeukia mama mkwe, macho chini, akamkabidhi mtoto. "Mshike, mama. Nikateke maji tumwoshe tena kwa sabuni, kisha twende naye zahanati."

Mjane alimpokea mjukuu wake, akamkumbatia. Hakusema amesamehe. Hilo angelizungumza na Mungu kwanza, na hasira ilikuwa bado mbichi. Chupa akaitua kwa kishindo juu ya meza ya cherehani.

"Baki nayo, wifi. Siku ukitaka kumpulizia mtu, anza na wewe."