Mapanga ya Upepo

Hadi leo nikinusa mbao iliyorandwa, namwona baba ameinama karakanani nyuma ya nyumba yetu, penseli sikioni. Alikuwa seremala. Mdogo wake, baba mdogo, alikuwa fundi umeme, mdomo wake haujui kupumzika.

Yote yalianzia zahanati, mtambo wao wa upepo ulipovunjika mapanga. Baba alichonga mapya ya mbao kwa kufuata umbo la yale yaliyovunjika, baba mdogo akaunga nyaya, taa zikawaka. Habari zikasambaa. Akaja mwenye mashine ya kusaga, akaja mwalimu mkuu. Baba mdogo alikuwa akitamba kwamba upepo uliozoea kuzurura sasa tumeutafutia kazi. Jinsi tulivyocheka siku zile! Hata mama aliacha kulalamikia vumbi la mbao kwenye chai.

Kisha akaja mwanasheria, mtu mpole. Alieleza kwamba umbo lile lina mwenyewe: kampuni ya ng'ambo iliyolivumbua ina hataza, na bila leseni yake hakuna ruhusa ya kulitengeneza. Baba mdogo akauliza kama upepo nao una hataza. Baba alimnyamazisha kwa jicho. Akaomba leseni, akasubiri, jibu halikuja. Akarudi kwenye vitanda na milango.

“Kaka, tutengeneze kimyakimya,” baba mdogo alimsihi. “Nani atajua?”

“Nitajua mimi. Wenzetu wametoka jasho kulipata umbo hili. Ila wamefunga mlango, na ukibisha hodi hawaitikii.”

Karakana ilipoa. Ndugu hao wakawa wanakunywa chai bila maneno mengi.

Nilikuwa nimeshapata watoto wangu mwenyewe baba mdogo aliponipigia simu kwamba muda wa hataza umekwisha, umbo sasa ni la kila mtu. Nilirudi nyumbani. Macho ya baba yalikuwa yamefifia, kwa hiyo nilichonga mimi, yeye akipapasa kwa kiganja.

“Punguza hapa, mama,” aliniambia. “Bado limenenepa.”

Tulipoufunga mtambo, baba mdogo alisimama chini ya ngazi akiwafokea waliopanda, maana magoti yake yalishamkatalia. Mapanga yakazunguka. Baba alisikiliza tu, kidevu juu.

Seremala wa mtaa wa pili, aliyegombea wateja na baba miaka yote, alikuja akachungulia mlangoni. Baba alimtambua kwa kikohozi.

“Ingia, bwana,” alisema, akimnyooshea panga lililobaki. “Chukua vipimo.”