Briji ya Milimita Kumi na Sita

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekaa kwenye ofisi ya mtendaji wa kata, nimevaa koti nililoolea, nawafanyia usaili briji wawili. Briji ni kile kipande cha chuma kilicho chini kabisa ya gitaa, kinachoshika nyuzi na kuamua zikae mbalimbali au zibanane. Walikuwa wameketi kwenye benchi, kila mmoja na barua yake ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa.

Jambo lenyewe halikuwa geni kwangu hata nikiwa macho. Besi ya bendi yetu, Nyota ya Kihonda, briji yake imeliwa na kutu, na Bi Zamda, mwenye bendi na mwenye vyombo vyote, alinipa mimi kazi ya kuchagua nyingine kwa kuwa mimi ndiye mkongwe. Gitaa la besi ni moja, wapigaji ni wawili. Mimi Mkude napiga nusu ya kwanza, watu wakiwa bado wanatafuna nyama. Lukindo anapiga nusu ya pili, watu wakiwa wamesimama. Mimi nina miaka kumi na nne kwenye bendi, yeye ana miezi mitatu. Mwezi ujao tunaingia studio, na Bi Zamda amesema studio anakwenda mpiga besi mmoja tu, yule ambaye gitaa litamkubali.

Vidole vyangu ni vyembamba. Vya Lukindo vinene kama mihogo, maana alikata mkonge Korogwe kabla ya kushika gitaa. Kwa hiyo jana jioni nilimwambia fundi Chuwa aagize briji nyembamba. Sikumweleza kwa nini.

Wivu ninao, sikatai. Mke wangu Mwanahawa hajawahi kuimba besi yangu hata siku moja, nami sikumlaumu, kwani nani anaimba besi? Watu huimba maneno, wakizidi sana huimba solo. Lakini wiki iliyopita nilimkuta anasonga ugali huku anaguna du-du-dum, du-dum, na nikajua palepale hiyo ni besi ya nani. Nilikula ule ugali kwa sababu ya njaa tu.

Basi, ndotoni, karani wa usaili ni rula ya mbao ya shule ya msingi. Anasimama, anakohoa, anamwita mwombaji wa kwanza.

Briji mpana anainuka taratibu. "Milimita kumi na tisa toka uzi hadi uzi," anasema. "Sina makuu. Kidole chembamba kinapita, kinene kinapita."

Nampa sifuri.

Anakuja mwembamba, amepakwa mafuta, anang'aa. "Milimita kumi na sita. Kidole chembamba kinapita. Kinene kinagusa nyuzi mbili kwa mpigo, na mwenye nacho anaaibika mbele za watu."

"Watu wangapi?"

"Ukumbi mzima."

"Umepata kazi," namwambia.

"Ngoja kwanza," anasema Rula. "Fomu inataka sababu."

Nachukua kalamu, naandika: afya ya vidole. Kwenye karatasi panatokea neno Lukindo. Nakata. Naandika tena, panatokea Lukindo wa Korogwe. Mara ya tatu kalamu inaongeza na namba yake ya simu.

Rula hashangai. Anakuja kunipima kifua, toka katikati, kama nyuzi zinavyopimwa. "Moyo wako umesogea milimita tatu kuelekea kwa Lukindo," anasema. "Uzi ukihama hivyo haupiti tena juu ya sumaku inayonasa sauti yake, na sauti inapungua. Wewe unasikika?"

"Nusu ya kwanza huwa na kelele za sahani," nilimjibu, na jibu hilo lilinichoma mwenyewe.

Nilipogeuka kutafuta muhuri, ofisi ilikuwa jiko letu. Mwanahawa anasonga ugali. Kwenye mkeka wameketi sumaku wanne wa ile besi, wale wanaolala chini ya nyuzi kazi yao kusikiliza, wananawa mikono.

"Shemeji," mmoja wa pembeni anamwambia Mwanahawa, "huyu bwana akizibana nyuzi, sisi wa pembeni tutamsikiliza nani?"

"Mwulizeni mwenyewe," anasema mke wangu. "Mimi hanielezi kitu siku hizi."

Kabla sijajitetea, Lukindo anaingia. Anavua viatu mlangoni, kama anavyofanya siku zote, na hata hilo linaniudhi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Nimesikia umechagua nyembamba."

"Nani kakwambia?"

"Kalamu. Imenipigia."

Nikavaa sura ya msiba. "Pole sana, mdogo wangu. Nadhani itabidi uache bendi."

"Niache bendi? Hapana, kaka. Nitapunguza vidole."

Anatoa tupa mfukoni, anavuta kigoda, anaanza kukisugua kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia. Vumbi jeupe linaanguka. Mwanahawa hata hageuki. "Lukindo, angalia usinimwagie kwenye sufuria, unga umeshatosha."

"Samahani, shemeji."

Baada ya muda ananinyooshea kidole. "Bado, kaka?"

Nakishika, nakipitisha kati ya nyuzi mbili za besi iliyoegemea stoo. Kinapita, tena kinabakiza nafasi. Ningeweza kusema hivyo. Ni sentensi fupi.

"Bado kidogo," nasema.

Anasugua tena. Anasugua na cha kati. Sumaku wanamega ugali. "Bado, kaka?"

"Bado kidogo."

Rula anakohoa toka kwenye rafu ya vyombo. "Mkude, mimi nimepima."

"Wewe ni wa shule ya msingi," namwambia. "Haya ni mambo ya wakubwa."

Mara ya tatu vidole vyake viwili ni vyembamba kama njiti za kiberiti. Ananiuliza, nami nasema bado kidogo. Nilitegemea atanuna, au atanitukana, nipate cha kumshikia. Alinitazama tu kwa utii. "Wewe ndiye unayejua, kaka," akasema, akainama tena kwenye tupa. Hapo nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia.

Jiko likawa jukwaa. Ni saa nne usiku, ukumbi umejaa, na hakuna hata sahani moja mezani. Lukindo anapiga. Vile vijiti vyake vinapita kati ya nyuzi bila kuzigusa, na besi inatoka, nzito, safi, inapita chini ya viti na kuwanyanyua watu mmoja mmoja. Briji mwembamba, niliyemwajiri ili amwaibishe, analia machozi ya mafuta. "Sikujua nina sauti hii," ananiambia. Sumaku wa pembeni wanasema wanasikia vizuri sana, asante. Mwanahawa anapiga makofi juu ya kichwa.

Nikaona siri iko kwenye tupa. Nikaiokota, nikaanza kusugua vidole vyangu, ambavyo tangu mwanzo havikuwa na cha kupunguzwa. Nasugua, vumbi linaanguka kwenye koti la harusi. Nasugua mpaka siwezi tena kuishika tupa vizuri.

"Bado?" nikauliza.

Wote walikuwa wanacheza.

Nikaamka. Kumekucha, Mwanahawa amekaa ukingoni mwa kitanda ananitazama. "Mume wangu, umesema 'bado kidogo' mara tatu. Nani huyo unayemchelewesha?"

Nikamwambia ni mambo ya kazi.

Saa mbili Lukindo akaja kuchukua waya wa spika. Akavua viatu mlangoni, akaniamkia, akanipa mkono. Nikaushika, na nikashtuka nisiuachie. Kila mpiga besi ana sugu kwenye vidole anavyopigia, ngozi ngumu ambayo hujengwa kwa miaka, na bila hiyo nyuzi zinakukata. Vidole vyake viwili, cha shahada na cha kati, vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga.

"Umeona, kaka?" akasema akicheka, ingawa macho yake hayakucheka. "Nimeamka hivi. Vingine vyote vina sugu, hivi viwili hakuna kitu. Itabidi nianze upya."

Nilifurahi. Nalisema kama lilivyo: kwanza nilifurahi, aibu ilikuja baadaye, tena ilichukua muda wake kufika.

"Na briji umechagua ipi?" akauliza.

"Pana," nikasema.

"Aa, kaka, ungechukua nyembamba inayokufaa. Wewe ndiye mkubwa wetu. Mimi ningejizoesha tu."

Hata hilo aliniwahi kulisema. Nikamwacha akiwekewa chai na Mwanahawa, nikatoka nyuma ya nyumba, nikampigia fundi Chuwa. Alikuwa hajatuma oda.

"Weka pana," nikamwambia. "Kumi na tisa."

"Mkude, si jana ulinikazania nyembamba mpaka ukanishika shati? Mzigo ukishafika haurudi. Una hakika?"

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Nilimsikia Lukindo akisema jambo, na mke wangu akicheka, kicheko kirefu. Wivu ulikuwa palepale kifuani, haujapungua hata milimita.

"Sina," nikamwambia. "Agiza sasa hivi, kabla sijageuka."