Paa Asiyekuwemo

Katika riwaya yangu hakuna mnyama, ukiacha kuku mmoja anayepita kwenye ukurasa wa tisini na mbili na wala hakai. Nasema hivi mapema kwa sababu jalada lina paa. Ana pembe, ana macho makubwa, na amesimama kwenye nyasi akimtazama msomaji kama aliyeitwa jina.

Kitabu kinaitwa *Paa la Shangazi*. *La*. Mchoraji hakukisoma. Alitumiwa jina tu kwa simu, na katika jina hilo akaliona neno la kwanza, la pili akaliruka. Mnyama angekuwa paa *wa* Shangazi. Haya ni mambo ya darasa la tatu, stashahada yangu ya lugha haihitajiki hata kidogo. Nilipompigia Mkurugenzi wa kampuni iliyonichapisha, akasema nakala zote zimeshatoka mtamboni.

"Tena kapendeza," akasema. "Huyo mnyama anauzika, dada. Paa la nyumba nani atalitazama?"

Paa lenyewe ni la mabati kumi na sita. Mume wa Shangazi alipofariki, shemeji zake walikuja mchana kweupe na nyundo na ngazi, wakayang'oa moja moja, wakisema aliyeyanunua ni ndugu yao. Waliacha kuta, kitanda na mjane. Kwa miezi miwili Shangazi alilala akitazama mawingu. Aliponisimulia alinipa sharti moja: "Jina langu usilitaje. Lakini paa ulitaje." Nikaahidi. Ndiyo maana nililiweka kwenye jina la kitabu, mahali nilipodhani haliwezi kupotea.

Nakala ya kwanza nilimpelekea mwenyewe. Akavaa miwani, akaangalia jalada, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena.

"Huyu nani?"

"Paa, Shangazi."

"Namwona. Langu liko wapi?"

"Limo ndani."

"Ndani," akasema. Akakiweka kitabu mezani, uso chini. "Shemeji kapita hapa jana. Kaiona picha kwenye simu ya binti yake. Kasema kasikia tumeandika kitabu cha wanyama. Katupa hongera."

Aliyasema bila hasira yoyote.

Basi nikaanza kazi ya kukitangaza. Dukani nilikikuta kati ya kitabu cha magonjwa ya mbuzi na ramani ya mbuga. Nikakihamishia kwenye riwaya. Nilipopita tena kesho yake kilikuwa kimerudi kwa mbuzi.

"Dada, usinivurugie rafu," muuzaji akaniambia. "Watu wa wanyama wanatafutia huku."

Redioni mtangazaji aliniuliza kama huyo paa nilimfuga mwenyewe. Nikamwambia ni la bati. Akacheka sana, akasema, "Waandishi bwana!" kisha akaweka wimbo. Ulikuwa wimbo mrefu.

Kilichobaki kilikuwa kikao cha maktaba, Jumamosi asubuhi. Mlangoni palikuwa na tangazo: NJOONI MKUTANE NA MAMA WA PAA. Mkurugenzi alikuwa ameshafika, amevaa tai. Akanivuta kando, karibu na mashine ya kutoa nakala.

"Sikiliza. Humu mna walimu wa shule nane. Wakikipenda, tunachapa tena. Waeleze kidogo tu habari za paa. Mbio zake, macho yake. Halafu soma ukurasa wowote."

"Ukurasa upi una paa mwenye mbio?"

"Buni. Si ndiyo kazi yako?"

"Na mkichapa tena, jalada litabadilika?"

"Jalada haliguswi. Jina ndilo nalifikiria. Tuseme *wa*. Tutawarahisishia watu."

Nikatazama viti. Safu ya pili alikaa Shangazi, mkoba mapajani, na majirani zake wawili aliowaambia waje kusikia habari za nyumba yake. Walikuwa wamevaa nguo za kwenda mahali.

Meza ya mbele tulikaa wawili. Mwenzangu alikuwa mkunga mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya chini, aliyeandika kitabu chembamba kiitwacho *Foleni*. Alikichapa kwa juhudi zake na kukibana kwa pini mbili mgongoni. Hotuba za ufunguzi zilikuwa tatu, na ya kwanza ilikuwa inaeleza umuhimu wa hotuba. Nikakifungua kitabu cha mkunga ili nipate pa kuweka macho.

Ukurasa wa nne nikacheka kwa sauti. Msimamizi wa maktaba akanikazia jicho. Palikuwa na mwanamke aliyempisha mwenzake kwenye foleni ya kliniki, akampisha na wa pili, akampisha na wa tatu, mwishowe akajifungulia mlangoni. Chini yake sentensi moja: *Mtoto hakujua kwamba kuna foleni.*

"Mama, hii sentensi umeitoa wapi?" nikamnong'oneza.

"Ipi?" Akasogeza kichwa. "Ah, hiyo. Ilitokea tu. Nilikuwa zamu."

Nilimwonea wivu mpaka ukurasa wa saba. Baada ya hapo wivu ukaisha, nikabaki nasoma. Walipotaja jina langu ilibidi mkunga anipige kiwiko.

Nikasimama. Mkurugenzi, akiwa ukutani, alinionyesha vidole viwili juu ya kichwa chake. Zilikuwa pembe.

"Hamjambo," nikasema. "Katika kitabu changu hakuna paa mnyama. Kuna paa la nyumba, mabati kumi na sita, na liling'olewa mchana na watu wanaojulikana. Neno la kuangalia ni hilo dogo, *la*. Aliyekuja kwa ajili ya mnyama asinunue."

Mwalimu mmoja akanyoosha mkono. "Sasa huyu wa jaladani ni nani?"

"Simjui."

Wakacheka. Walipomaliza nikasoma ukurasa wa mabati, kuanzia ngazi inapoegeshwa ukutani hadi msumari wa mwisho. Shangazi aliinamisha kichwa, majirani zake wakamtazama, yeye akawa anatazama dari la maktaba.

Nilikuwa nimebakiwa na dakika kumi. Nikazitumia kusoma *Foleni*, kwa sababu ndicho kilichokuwa kitabu kizuri kuliko vyote pale mezani, na nilitaka kusikia sentensi ile ikitoka kwa sauti. Nakala zote za mkunga zilikwisha papo hapo. Walimu walizigombea kama viti. Zangu zilichukuliwa kumi na moja.

Shangazi alikuja mezani na nakala yake. Akaichukua kalamu yangu, na juu ya pembe za yule mnyama akachora mistari miwili inayokutana, kama watoto wanavyochora nyumba.

"Sasa lipo," akasema.

Wale kumi na moja nao wakataka lao. Nikawachorea wote.

Jumatatu Shangazi alinipigia simu. "Shemeji kapita."

"Kasema nini?"

"Leo hongera hakutoa. Kauliza kama mimi ndiye niliyekusimulia. Nikamwambia mimi sijatajwa humo. Paa ndilo lililotajwa."

Siku hiyohiyo barua ya Mkurugenzi ikafika. Ndani alikuwa ameniandikia radhi tayari, nisaini tu: *Mimi mwandishi wa Paa wa Shangazi naomba radhi kwa kampuni, kwa mchoraji na kwa walimu, kwa kauli langu la kuwachanganya wasomaji, na kwa kuuza kitabu cha mtu mwingine.* Nisiposaini, hakuna kuchapa tena.

Nikachukua kalamu nyekundu. *Wa* nikaifanya *la*. *Kauli langu la* nikaifanya *kauli yangu ya*. Nilimwekea na nukta mahali alipoisahau.

Halafu, kwenye mstari wa saini, nikaandika jibu langu.

La.