Mlango Ulioitika

Mvua iliwakamata wakiwa wamekipita kijiji cha Mpofi kidogo tu, na mvua ya njia ile haina adabu, haipigi hodi. Maurice, dereva wa Butembo anayejisifu kwamba alijua usukani kabla ya kujua kijiko, alikuwa ameapa asubuhi kuwa jua halitazama kabla hawajaingia Masisi. Ehe! Njia ya Walikale imewasikia wengi wakiapa. Mchana wote uliishia kwenye shimo moja la matope, gari limeinama upande, Maurice anachimba kwa jembe la kuazima huku akitukana mawe kwa Kinande. Walipochomoka hapo, mwanga ulikuwa unakwisha na mbele yao palikuwa na Kibua, wala si Masisi.

Nyuma ya gari, katikati ya bidoni za mafuta ya mawese, alikaa Muhawenimana, ambaye wote walimwita Muhawe, na kichwa cha baba yake kilikuwa juu ya paja lake. Mzee Sebahire alikuwa mtu mkubwa zamani, mwenye ng'ombe na sauti ya kuita ng'ombe. Sasa ungeweza kumbeba kama unavyobeba kitenge kilichokunjwa. Daktari wa Walikale alikuwa amesema Kifaransa kirefu, lakini maana yake ilikuwa fupi: mpeleke nyumbani.

Na mzee alitaka hicho hicho. Alitaka kufia nyumbani kwake Nyamitaba, kwenye milima ya Masisi, juu ya sakafu yake mwenyewe, basi. Muhawe alimwambia, "Ndiyo, Papa, nitakufikisha." Alisema haraka, bila kumtazama usoni, kwa sababu alijua kitu ambacho baba hakukijua. Wakati wa kiangazi binamu yao Nzabonimpa alikuwa amempigia simu. Nyumba ilichomwa. Ng'ombe waliporwa, wote, hata Bihogo, yule jike mwekundu ambaye mzee alimpenda kuliko alivyowapenda baadhi ya wanawe. Pale palipokuwa na sakafu, mtu amepanda maharage.

Mtu anamwambiaje baba yake jambo kama hilo? Muhawe hakujua, kwa hiyo alikodi gari. Njiani, kila tairi lilipoingia shimoni na mzee akaguna, aliwaza: labda Mungu atamchukua humu humu, asione. Kisha aliona haya kwa kuwaza vile, akamfunika vizuri zaidi.

Kibua kulikuwa na nyumba moja ya wageni, ya mbao, na mama mwenye nyumba alisimama mlangoni amejishika kiuno.

"Hakuna fasi," alisema. "Batu ba pikipiki bamejaa tangu muchana, njia imebakatalia bote. Hata kolido imejaa."

"Tuko na mugonjwa, Mama," Muhawe alisema. "Hata fasi ya jikoni."

Yule mama alinyanyua taa akamwangalia mzee, halafu akaishusha haraka. "Na akinifia humu? Nani atalala tena mu hii nyumba yangu?"

Maneno gani hayo, jamani, mbele ya mgonjwa mwenye masikio! Lakini ni biashara yake na anaijua.

Wakaenda kwa katekista, mwalimu wa dini wa pale. Benoît alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alipofungua mlango Muhawe alihisi kifua chake kinalegea. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hii si ya kuuliza mara mbili. Mumulete muzee, kuko salon." Akaanza kusogeza viti mwenyewe. Mke wake tayari alikuwa anatandika mkeka. Kulikuwa na harufu ya sombe, majani ya muhogo, motoni. Maurice alimbeba mzee mgongoni, akainama kupita mlangoni.

Hapo mzee Sebahire alinyanyua kichwa. Mtu aliyelelewa vizuri haingii katika nyumba ya watu kimya. Akakusanya pumzi yote aliyobaki nayo, akasema:

"Amashyo!"

Kule milimani, kwenye malisho, ndivyo watu wenye heshima wanavyosalimiana. Unamtakia mwenzako makundi ya ng'ombe. Na mwenzako lazima aitikie, "Amashongore!" yaani na wawe majike, wanaozaa. Mzee alikuwa amewasalimia hivyo matajiri wa ng'ombe, na alikuwa amewasalimia hivyo hivyo watu wasio na hata kuku. Muhawe alikuwa amemwomba garini, si mara moja: Papa, tukifika kwa watu uniache niseme mimi, na tuseme Kiswahili tu. Mzee aliitikia kwa kichwa. Alidhani binti yake anasema habari za polisi wa vizuizini.

Benoît aliacha kiti katikati ya chumba. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Lakini watu wa bunduki walikuwa wamepita pale, wa lugha hii na wa lugha ile, na kila kundi lilipoondoka liliacha nyuma woga wa lugha yake. Kibua walikuwa wameshajifunza kuogopa maneno kabla ya kumwona anayeyasema.

"Mama," aliuliza polepole, "muko batu ba wapi?"

"Ba Nyamitaba. Papa iko mugonjwa tu. Hata kutembea hawezi."

"Ah. Nyamitaba." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nilikuwa nimesahau. Kuko bageni ba padri, ba paroisse, banakuya leo. Munisamehe sana, Mama."

Mke wake alikuwa anakunja mkeka. Aliukunja taratibu, na hakuinua macho mpaka walipotoka.

"Katekista muzima!" Maurice alifoka nje, mvua inamchirizika puani. "Bageni ba paroisse! Na hii mvua, bageni batapita wapi? Batashuka na parachute?"

"Maurice, wacha."

"Nitawacha aje? Na muzee naye, pardon, Papa, lakini ile salamu yako itatulaza inje!"

Mzee alikuwa anatetemeka. Alikuwa bado anatazama mlango uliofungwa, na kilichomshangaza hakikuwa kufukuzwa. "Hawakuitika," alimwambia binti yake kwa lugha yao. "Watu gani hawaitiki?"

Hapo Muhawe alishindwa. Alikuwa amelowa, ana njaa, na hasira ilimpanda yote kwa pamoja. "Nyamaza, Papa!" alipiga kelele. "Nyamaza na ng'ombe zako! Huku hakuna ng'ombe! Hakuna!" Na neno lingine lilikuwa tayari limefika kwenye meno: na kwako pia hakuna. Alilifungia mdomoni. Alipanda garini akalia kwa kelele, kama mtoto. Maurice aliwasha gari.

Walikuwa na wazo la kulala humo humo garini, chini ya turubai lililotoboka, ingawa wote wawili walijua mzee hataamka. Nyumba ya mwisho ya Kibua iko peke yake nyuma ya migomba. Ina kuta za mbao zilizokuwa nyeusi kwa mvua, na moshi ulikuwa unapenya katika majani ya paa. Maurice alipunguza mwendo, akageuza kichwa kumuuliza Muhawe kwa macho, kama wajaribu. Kabla hajajibu, mzee alikwisha sukuma turubai.

"Amashyo!"

Muhawe alimziba mdomo kwa kiganja. Amechelewa. Sauti ilikuwa imeshatoka, imevuka migomba, na yeye akafumba macho akisubiri mlango ufungwe.

"Amashongore!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, imetoka ndani, kwa haraka, kabla mwenyewe hajafikiri. Kisha mlango ukafunguka kwa nguvu na mama mzee akatoka kwenye mvua bila kujifunika, mkono mdomoni kama mtu aliyejishika anaiba.

"Nani njo ananisalimia vile?" aliuliza. "Nani? Miaka hii yote!" Halafu kwa lugha ya milimani, karibu kwa kusihi: "Sema tena."

Mzee akasema tena, na yeye akaitika tena, na alikuwa analia.

Aliitwa Emérita. Alizaliwa upande wa Nyamitaba, akaolewa Kibua akiwa msichana, na sasa mume wake alikuwa amelala chini ya udongo nyuma ya nyumba, na watoto wametawanyika kwenye machimbo, hawajulikani wako wapi. Katika vitu alivyokuja navyo kama bibi harusi kilikuwa kimebaki kimoja, inkongoro, kikombe kirefu cha mti cha kunywea maziwa. Huku msituni hakijapata kuona ng'ombe. Hata hivyo alikiosha na kukifukiza kwa moshi wa majani, vile mama yake alivyofanya, kisipoteze harufu. Majirani walisema kichwa chake si kizima. Yeye aliwaambia wana haki ya kusema.

Walimlaza mzee karibu na moto, juu ya mkeka, na Emérita akafanya kitu ambacho Muhawe hakukielewa mwanzoni. Alichukua maziwa ya unga, yale ya dukani, akayakoroga na maji ya moto, akayamimina katika inkongoro, akamshika mzee kichwa.

Mzee alinusa kwanza. Macho yakafunguka yote.

"Bihogo amezaa?" aliuliza.

Emérita alimtazama Muhawe. Muhawe aligeukia moto.

"Amezaa, Papa," Emérita alisema. "Jike."

"Nilijua." Akanywa, taratibu, mpaka mwisho, yeye ambaye tangu Walikale alikuwa anatema hata maji. Kisha akanyoosha mkono nje ya mkeka, akaweka kiganja juu ya sakafu, udongo uliopigwa na kulainishwa kwa mikono ya mwanamke, akaupapasa. "Tumefika," alisema, na usingizi ukamchukua.

Hapo ndipo Muhawe alipoeleza yote: moto, maharage, Nzabonimpa, ndiyo yake ya haraka. Alieleza akitazama chini. "Nimemudanganya njia yote," alisema. "Njia yote, Mama."

"Na mie nimemudanganya kikombe kimoja," Emérita alisema, akatia kuni.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Maurice, aliyelala mbele ya gari amejikunja, alikwisha ikagua barabara akasema itapitika, lakini sasa hivi, kabla mawingu hayajabadili nia. Muhawe aliingia kumchukua baba yake. Mzee alikuwa amekaa, ameegemea ukuta, mlango uko wazi, na anatazama migomba kwa uso wa mtu anayekagua mali yake.

"Papa, twende."

"Wapi?"

"Nyumbani."

Mzee alicheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kikohozi zaidi, lakini kilikuwa kicheko. "Mtoto huyu! Mtu anatokaje nyumbani kwenda nyumbani? Mimi sitoki tena. Mwambie mama yako alete yale maziwa," alisema, akimwonesha Emérita kwa kidevu.

Muhawe alibaki amesimama. Angeweza kumbeba, alikuwa mwepesi. Angeweza kumtoa juu ya sakafu hii akilia, amsukume tena katikati ya bidoni, na kama angefika, amwoneshe maharage ya mtu na kumwambia: ndipo hapa, Papa, nimetimiza. Ahadi ingekuwa imetimia sawasawa. Aliona jambo hilo lote, na moyo wake ulimuuma hata akashika mbao za ukuta.

Emérita alikuwa kizingitini na inkongoro mkononi, imeoshwa, imepinduliwa ikauke. "Kilio kikikuya," alisema kwa sauti ya chini, "kitakuwa kwangu. Bangu nimebalilia hapa peke yangu. Huyu tutamulilia babili."

Muhawe akatoka, akashusha begi lake, mkeka wa baba, na sufuria.

"Na Nyamitaba?" Maurice aliuliza.

"Enda tu, Maurice."

"Nikirudia njia hii?"

"Ukirudia, upige honi. Kama niko, nitatoka."

Maurice alijikuna kichwa. Alitaka kusema kitu kizuri, akakikosa, akampa bidoni moja ya mawese bila neno, akapanda. Gari lilipoingia barabarani alipiga honi ndefu ya kuaga.

Ndani, mzee alitega sikio. "Nani wale?"

"Ni watu wa njia, Papa. Wanapita."

"Asubuhi hii? Walilala wapi?"

Muhawe alikuwa amepiga magoti anapanga nguo. Uongo wote aliokuwa nao ulikuwa umekwisha. "Walikosa fasi," alisema. "Wanasema walizunguka na mvua, watu wakawafungia."

"Walikosa?" Mzee alijaribu kusimama, mikono ikamkatalia. Hasira yake ya zamani ilikuwa imerudi usoni, ile ya mwenye boma. "Walikosa, na mimi niko hapa? Watatusema nini huko waendako? Kimbia, mtoto! Kimbia uwaite. Uwaambie kwa Sebahire kuna fasi!"

Akakimbia. Gari lilikuwa limeshapotea kwenye kona, na alijua hivyo hata kabla ya kutoka, lakini baba alikuwa anasikiliza. Alisimama katikati ya barabara, miguu ndani ya matope, akaita kwa nguvu zake zote.

"Mukuye! Kwa Sebahire kuko fasi!"

Milango ilifunguka. Mama wa nyumba ya wageni alitoka na ndoo. Mbele kidogo, mke wa katekista alisimama na fagio mkononi, na safari hii alimtazama. Muhawe hakumwondolea macho. Alivuta pumzi, akaita tena.