Salamu Isiyoitikiwa Igamba

Jirani yetu Ferista anasimulia kwamba siku ile Igamba liliingia jeshi la watu waliojipaka masizi, mapanga mkononi, na mama yangu mbele yao akipiga makofi ya kuamuru vita. Anasimulia vizuri sana. Siku hiyo alikuwa Ivuna kufuata chumvi, lakini jambo dogo kama kutokuwepo halijawahi kumzuia Ferista kuona.

Mimi nilikuwepo, nimeketi nyuma ya mama. Tulitoka Iyula kumwomba Bwana Shauri, Mzungu anayetawala wilaya, jambo moja: amri yake ya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko ingoje hadi tumalize kuchuma kahawa. Mama akasema twende bila hata jembe, tusije tukadhaniwa vibaya. Tukaketi chini mbele ya baraza, tukapiga makofi ya kusalimia, taratibu, kama anavyosalimiwa Mwene, chifu wetu, tangu enzi za mababu. Kwetu mtu hasemi haja yake mpaka salamu iitikiwe. Bwana Shauri hakuitikia. Basi tukaendelea kupiga. Adabu ina kazi.

Ndipo wakaja mashujaa, Nikodemo na wenzake, waliojipa jina la Simba wa Mbozi. Katika simba wote hao hakuna aliyekuwa na hata mche mmoja wa kahawa.

"Inukeni, akina mama," Nikodemo akasema. "Makofi hayamfukuzi Mzungu."

"Nani amekuja kumfukuza?" mama akajibu bila kugeuka. "Tumekuja kumsalimu. Kaa chini, baba, unatuzibia."

Nikodemo hakukaa. Alimwaga mafuta ya taa kwenye ghala la mbegu la serikali, akaliwasha, kisha simba wakakimbilia Tunduma na kuvuka mpaka kwa shangazi zao, upande wa Rodesia. Nasikia huko wananunuliwa pombe kwa jinsi walivyotukomboa.

Matarishi wa Bwana Shauri wakakamata waliobaki. Aliyeketi hana haja ya kukimbizwa. Tarishi mmoja akaeleza kwamba makofi yalikuwa ishara ya kuchoma, na Bwana Shauri akaridhika, maana alikuwa akijiuliza muda wote yale makofi ni ya nini. Matuta hayajatajwa tena. Hata Ferista hakumbuki tulifuata nini.

Sisi wengine tumeachiwa, lakini kesho lori linampeleka mama, aliyehesabiwa kiongozi, gerezani Mbeya. Kwa hiyo leo nimekwenda kwa Mwene, ambaye siku ile alikuwa kwenye kiti kando ya Bwana Shauri. Karani wake, Amoni, akanizuia mlangoni.

"Dada Tumpe, Mwene ana shughuli."

"Naiona. Anakula ndizi."

Mwene akanisikia, akaniita ndani.

"Mwene," nikasema, "makofi yale unayajua. Umepigiwa tangu ukiwa mgongoni kwa mama yako. Mwambie Bwana Shauri kuwa ni salamu, basi. Mama atarudi nyumbani."

Akatafuna kwanza.

"Nikisema ni salamu, ataniuliza mbona mimi niliyeijua sikumweleza, ghala likiwa bado zima."

"Mwambie ulipitiwa na usingizi. Atakuamini."

Amoni akakohoa, akatazama darini.

Nikapiga magoti. Nikakunja viganja, nikampigia makofi, taratibu, kama tulivyopiga siku ile. Jibu lake ni neno fupi, hata mtoto wa kwetu analijua.

Mwene akachukua ndizi nyingine, akaanza kuimenya.