Glavu za Ibada

Shuka la kwanza asubuhi lilitoka wodi ya wazazi, limegandamana kwa damu na uchafu mwingine usiotajika mbele za watu. Mama Mfuaji akalizamisha kwenye klorini kwa mikono mitupu. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka hadi nyama nyekundu, na kucha mbili zilikwisha ng'oka. Daktari wa hospitali hiyo hiyo ya kanisa alikuwa amemwambia wazi: asipovaa glavu, vidonda vitaingia mifupani na vidole vitakatwa. Miezi mitano ameziomba, na kila akiomba anaambiwa avute subira.

"Yesu, nishike mkono," alinong'ona, "ila taratibu, unauma." Akacheka peke yake. Maongezi hayo ndiyo yaliyomfikisha jioni kila siku.

Msimamizi wa usafi akachungulia mlangoni. "Mama, jifute upesi! Mkurugenzi anawaosha miguu wafanyakazi wa chini. Na utabasamu, mpiga picha yupo."

Wafuaji wanne wakapangwa kwenye benchi la kanisa la hospitali, wamevua ndala. Mkurugenzi akaingia na kanzu nyeupe, akahubiri unyenyekevu mpaka jasho likamtoka, kisha akapiga goti mbele ya Mama Mfuaji. Akanyoosha mikono, msimamizi akamvalisha glavu. Mpya, nene, ndefu za kufika viwikoni.

Jamani! Kumbe zilikuwepo!

Akamshika mguu kwa ncha za vidole, uso kaugeuza pembeni kama mtu anayeokota panya mfu.

"Baba Mkurugenzi," Mama Mfuaji akasema, "ukimaliza, naomba hizo. Mikono yangu inaoza."

Mkurugenzi hakuacha kutabasamu, maana mpiga picha alikuwa bado anapiga. "Mama, leo tunashukuru, hatudai. Ayubu alioza mwili mzima, hakunung'unika."

"Alinung'unika, Baba. Sura kwa sura. Mungu hakumkaripia kwa hilo. Aliwakaripia wale rafiki zake waliokuwa wakimhubiria."

Mfuaji mmoja akaguna, "Mh! Sema, dada."

"Na tuombe," Mkurugenzi akasema haraka, akafumba macho.

Baada ya amina, alizivua glavu kwa kuzivuta huku na huku, akaziangusha sakafuni. Msimamizi akatoa mkasi, akazikata vidole kimoja kimoja mbele yao, akatupa vipande kwenye pipa.

"Zimeshagusa miguu," akasema. "Na zikibaki nzima mtaziiba."

Mama Mfuaji alirudi kwenye karai lake kwa hasira. Hata hajainama, msimamizi akamfuata na kanzu nyeupe mkononi.

"Imelowa ukingoni. Anaitaka kwa ibada ya jioni, itakate. Klorini usiibanie."

"Umeona, Bwana," Mama Mfuaji akasema kwa sauti, makusudi, ili asikiwe mpaka nje. "Usije ukasema hukuona."

Akaanza kufikicha. Ukingo ukaingia damu ya vidole vyake. Akaongeza klorini, akafikicha tena, damu ikazidi.