Dirisha la Ndani

Mimi hukasirika upesi, na mke wangu atakuambia hivyo kabla hujamaliza kumwuliza. Lakini hasira yangu mbaya kuliko zote ni ile ya kujengeshwa kitu ambacho mwenye nyumba hataki kusema ni cha nini. Fundi si kipofu. Nionyeshe mahali unapotaka dirisha, nami nitakuambia nani atalala pale na kama unampenda.

Mwaka wa sabini na tisa nilikuwa najenga Dandora. Watu walikuwa wamepewa viwanja vyenye choo na bomba tu, na kila mmoja alikuwa akijikokota na vyumba vyake kadiri ya nguvu zake. Irungu, mfanyabiashara wa maharagwe kule Gikomba na mzee wa kanisa, hakutaka kujikokota. Alitaka nyumba. Katika ujana wake alikuwa amekata majani kwenye bustani ya mzungu fulani huko Muthaiga, na nadhani macho yake hayakuwahi kutoka kule. Alinichorea sebule yake kwenye karatasi ya mfuko wa simiti: dirisha pana la chuma, lenye tao juu na vioo vidogo vidogo, na grili yenye miale ya jua linalochomoza.

"Fundi Muindi, mtu akipita hapa nje lazima asimame," aliniambia.

"Atasimama, mzee."

Hata hivyo nilimpa maoni yangu. Tao linataka ukuta mrefu, na madirisha yote sita yakiwa na tao, nyumba ndogo kama ile ingechekesha. Tulibishana siku mbili, tukapatana: tao liwe sebuleni tu, vyumbani madirisha ya mraba, na jikoni vioo vya luva vinavyopitisha hewa, kwa sababu mkewe Mirriam alisema moshi wa makaa umemharibia kifua vya kutosha. Ilikuwa kazi ya raha. Kuchagua madirisha na mtu anayejua anachotaka hunipendeza kuliko chai.

Kikabaki chumba cha nyuma, kilichopakana na sebule.

"Hiyo ni stoo," Irungu alisema. "Weka tundu kidogo huko juu, karibu na mabati. Hewa ipite tu."

Stoo haina neno. Nikaendelea kupanga mawe.

Walihamia kabla sijamaliza, kama walivyofanya wengi pale, mara tu vyumba vya kwanza vilipoezekwa. Mkokoteni ulifika Jumamosi mchana kutoka Bahati, ambako walikuwa wamepanga chumba kimoja. Mirriam alitembea kando yake, mkono mmoja ameuweka juu ya mzigo. Alipofika uani aliondoa shuka, na chini yake, kati ya godoro na masufuria, alikuwa amelala msichana wa miaka kama kumi na sita. Miguu yake ilikuwa myembamba kama mipini ya majembe. Ugonjwa wa kupooza ulikuwa umempata utotoni. Mamaye alimbeba mgongoni, msichana mkubwa vile, akampeleka moja kwa moja kwenye ile stoo.

Kwa miezi minne nilikuwa nimemwita yule mama kwa jina la mwanawe wa kiume, Mama Johnson, kama alivyoitwa na kila mtu. Siku hiyo nikajua Johnson alikuwa na mkubwa wake. Jina lake Wacuka.

Nilitupa mwiko ndani ya karai. "Mzee, stoo ndiyo hii?"

Irungu aliangalia mabati. "Watu wa kanisa watakuwa wanakuja hapa, fundi. Na watu wana maneno. Wanasema ni laana ya mzazi. Wewe watoto wako wanatembea, huwezi kujua."

Nilikuwa na jibu, nikalimeza. Kazi yake ndiyo iliyokuwa ikilisha watoto wangu hao wanaotembea. Nasema wazi, niliogopa.

Mirriam hakuogopa. Jumatatu, mumewe alipokwenda sokoni, alinishika mkono akanipeleka chumba cha nyuma. "Toboa ukuta wa nje hapa," akasema. "Dirisha ikuwe chini, aone njia, aone watu wakipita. Huyu hutambaa tu, hawezi kusimama." Irungu akarudi mapema, akatukuta tukipima. Waligombana kwa Kikuyu, nami Mkamba nikashika nusu ya maneno, lakini nusu hiyo ilinitosha. Mama alitaka mtoto aone. Baba hakutaka mtoto aonekane. Naye Wacuka amekaa pale pale kwenye mkeka, wanazungumza juu ya kichwa chake.

"Si mumwulize mwenyewe!" nikasema, kwa ukali ambao sikuukusudia. "Nyumba mzima mmechagua, na hakuna mtu amemwuliza."

Nikachutama mbele ya yule msichana. "Wacuka, mimi ni Muindi, fundi. Wewe unataka dirisha yako wapi?"

Hakuutazama hata kidogo ukuta wa nje. Alinyoosha mkono, akagusa ukuta uliomtenga na sebule.

"Hapa."

"Huko ni sebuleni, mwanangu. Hutaona nje."

"Najua. Kule Bahati tulikuwa chumba moja. Wageni wakikuja, mama anavuta pazia, lakini hiyo pazia ilikuwa na tundu. Nilikuwa naona baba akikula. Nilikuwa naona akicheka. Hapa ni mawe. Nitakuwa nasikia tu."

Mimi niliyejidai kusoma mioyo ya watu kwa madirisha yao, jambo hilo sikuwa nimeliona. Chumba kimoja cha kupanga kilikuwa kimemfaa mtoto huyu kuliko nyumba nzuri niliyokuwa nikijivunia. Roho iliniuma sana. Mirriam alijifunika uso kwa leso, na Irungu akatoka nje.

Asubuhi iliyofuata alinikuta nikichanganya simiti. "Mwekee hiyo anataka," akasema. "Lakini ikuwe ya mbao, si kioo. Na ikuwe inafungwa."

Hakusema ifungwe kutoka upande gani, nami sikuuliza. Hila hiyo ni yangu na siijutii. Niliketi sakafuni na Wacuka, nikatia alama ya penseli mahali macho yake yalipofika, na nyingine mahali mkono wake ulipofika bila kujinyoosha. Hapo pa mkono ndipo nilipotia komeo. Upande wa sebule niliacha mbao tupu, zimepigwa randa vizuri, bila kitu cha kushika. Kisha nikalipanua lile tundu la juu ili mwanga uingie, na hilo pia sikuliombea ruhusa.

Jumapili ya kubariki nyumba, sebule ilijaa wazee wa kanisa na wake zao. Nilialikwa nami, nikasimama karibu na mlango. Kabla hawajafika nilikuwa nimemwona Irungu akilisukuma lile dirisha dogo mpaka likafungika, akipapasa mbao zake kutafuta komeo, kisha akanitazama. Alielewa. Kutoka ndani, Wacuka mwenyewe akatia komeo.

Waliomba, wakaimba, wakasifu tao na miale yake. Irungu hakuwa na raha. Kila mara aligeuza shingo kutazama nyuma yake, na mbao hazikusogea. Ndipo mama mmoja, akiwa na kikombe cha chai mkononi, akauliza, "Na hii kadirisha hapa chini ni ya nini, Mzee?"

Mirriam aliacha kumimina chai. Irungu alisimama. Nilidhani atatoka nje kama siku ile. Badala yake alikwenda ukutani, akapiga magoti sakafuni na suti yake ya kanisani, kwa sababu dirisha lile halifikiwi kwa namna nyingine, akabisha mara mbili.

"Nani?" sauti ya msichana iliuliza kutoka ndani.

Alikohoa.

"Ni baba yako," akasema. "Fungua, mama. Kuna wageni wanataka kukuona."

Alikawia kufungua, na alikuwa na haki ya kukawia. Irungu hakuinuka. Alibaki pale amepiga magoti mbele ya watu wa kanisa lake, mpaka tukasikia komeo likivutwa.